Bi Haloo na Dawa Zilizopunguzwa

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Haloo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga. Alizaliwa nyumbani, katika chumba ambacho baba yake alikuwa hajamaliza kukipiga lipu, na inasemekana kilio chake cha kwanza kiliwashtua mafundi wa nyumba ya pili.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la pamba, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha pili, alipoacha ili amuuguze mama yake. Mwalimu wa kwaya alimwambia, "Wewe binti usiimbe, wewe zungumza tu." Mama aliichukua kama sifa maisha yake yote.

Mwaka 1967 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika ofisi kuu ya reli, akakaa mbele ya swichibodi ya kuunganishia simu hadi alipostaafu mwaka 2001. Aliwajua watu kwa sauti kuliko kwa sura. Siku moja meneja alipiga simu akikohoa, akasema yuko kitandani hoi. Mama akamjibu, "Pole sana, bosi. Na muziki huo ninaousikia, wanakupigia ili kukuliwaza?"

Alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa malori, tarehe 12 Desemba 1970. Kabla ya hapo baba alikuwa akipiga simu kutoka kila kituo kuulizia namba asizozihitaji. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kuanzia mwaka 2019 mama alisumbuliwa na presha, kukosa usingizi, kibofu, na mafua yasiyokwisha. Kila tatizo lilikuwa na kliniki yake, na kila kliniki ilikuwa na dawa zake. Tulishukuru, tukiona anahudumiwa vizuri. Mwaka 2022 akaanza kupotea. Alimwita kaka yetu mkubwa kwa jina la marehemu mjomba. Alifungua kabati akitafuta mlango wa kutokea. Akaanguka bafuni. Tukasema ni uzee, tukamwomba Mungu atupe subira.

Daktari wa zahanati ya mtaani kwetu ndiye aliyesema, "Nileteeni kila kidonge anachomeza, hata vile mnavyojinunulia dukani." Dada akaumwaga mfuko mzima mezani. Daktari alivikagua kimoja kimoja, kisha akatenga vya aina tatu. "Hiki cha usingizi, hiki cha kibofu, hiki cha mafua. Mtu wa umri wake akivimeza vyote pamoja, vinamlewesha kichwa. Mwili wa mzee hauondoi dawa upesi."

Baba akamuuliza, "Sasa, daktari, mke wangu amezeeka au amelewa?"

"Tutajua tukipunguza, mzee wangu."

Alishauriana na wenzake wa kliniki, akapunguza dawa hizo polepole, moja baada ya nyingine. Ya presha hakuigusa. Baada ya wiki kadhaa simu ililia asubuhi, na mama akaipokea kabla yetu. "Haloo. Mwanangu, sauti hiyo si ya mtu aliyekula. Kula kwanza, ndipo unipigie." Alikuwa ni kaka yetu, na kweli alikuwa hajala. Baba akapiga kelele kutoka jikoni, "Laini imerudi!" Tulicheka huku tunalia. Mama akatushangaa. "Kwani nilikwenda wapi?"

Januari mwaka huu, 2025, alianza kuchanganyikiwa tena. Safari hii tulijiona tunajua. Kaka akampigia daktari: "Njoo upunguze, kama ulivyofanya siku zile." Daktari alikuja, akampima, akapeleka damu maabara. Aliporudi aliketi ukingoni mwa kitanda. "Figo zake zimechoka sana. Safari hii sina cha kupunguza."

Hatukuelewa, na hatujaelewa bado. Macho yalikuwa yale yale, maneno ya kupotea yale yale, kabati lile lile. Mara ya kwanza zilikuwa dawa, mara ya pili yalikuwa mauti. Mtu angetofautishaje? Alifariki tarehe 2 Februari katika hospitali kuu, baba akiwa amemshika mkono.

Shangazi yetu amesema waziwazi: "Wifi yangu alikuwa na dawa saba, akaishi. Zikabaki nne, akafa. Nielezeni hesabu hiyo." Daktari amemweleza kuwa figo ziliharibiwa na presha ya miaka mingi, si kwa kupunguziwa dawa. Shangazi amesikia. Sisi wengine tunakubali asubuhi, jioni tunauliza tena. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba kwa miaka miwili na zaidi mama alituita kwa majina yetu, na kwa hilo tunamshukuru Mungu bila kusita.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, na wifi yake huyo aliyempenda sana.

Daktari yumo humu, ameketi mstari wa nyuma. Tunamwomba aje mbele ashike jeneza pamoja na sisi watoto wa marehemu. Tulimuuliza shangazi kabla ya kuandika maneno haya. Alisema, "Aje. Lakini maswali yangu bado ninayo."

Ee Mungu, mpokee mama yetu, umpe utulivu ambao sisi bado hatujaupata.