Wimbo wa Shemeji Aliyekimbia Pipa

Ndugu waombolezaji, mjomba wetu Ambrose Keeping alizaliwa tarehe 4 Machi 1931 katika Ghuba ya Lowry, pwani ya kusini ya Newfoundland, akasoma hapo hadi darasa la sita, kisha akaingia kuvua na baba yake, na jioni za baridi akawa anatunga nyimbo za utani juu ya majirani, kama ilivyo desturi yetu.

Mwaka 1957 alitunga wimbo wa beti kumi na mbili juu ya shemeji yake, Garland Durnford, ambaye aliona pipa likielea ukunguni, akadhani ni nyangumi, akageuza mashua na kuziacha nyavu. Garland ndiye baba yangu.

Kijiji kilicheka majira yote ya baridi, na baba alicheka nao, lakini asubuhi ya tarehe 17 Juni 1958, ukungu ukiwa mzito na wenzake wote wamebaki, alishuka gatini.
“Kaa, Garland. Hakuna anayekwenda leo,” mama alimwambia.
“Nikikaa, Ambrose ataongeza ubeti.”
Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana, nami nilikuwa na miezi minne.

Mjomba alikimbilia Quebec mwaka 1959, kwenye kambi ya wakata miti Wafaransa wasiojua neno la Kiingereza, akiamini huko wimbo ungekufa, lakini jioni moja walimbembeleza aimbe, na midomo yake haikuwa na wimbo mwingine. Walicheka hadi kufuta machozi, kwa jinsi alivyotoa macho na kupiga makasia ya hewani, na tangu hapo hawakumwacha apumzike. Binti wa mpishi, Solange Audet, alimwambia, “Sijaelewa kitu, ila huyo mtu namjua, ni kaka yangu kabisa.” Walifunga ndoa Rimouski tarehe 8 Juni 1963, wakajaliwa Lucien na Doris.

Alirudi kwetu mwaka 1994, na mwaka jana mapafu yakamshinda. Tarehe 9 Novemba 2009, hospitalini, aliniuliza kama niliwahi kuusikia wimbo ule wa baba, nikasema mama aliupiga marufuku nyumbani, basi akauimba wote kwa pumzi za kuazima, na alipofika mwisho akayasema maneno ya mwisho badala ya kuyaimba, kama waimbaji wetu wanavyofunga wimbo, jambo ambalo Solange anasema hakulifanya kwa miaka hamsini.

Nilimwona baba yangu kwa mara ya kwanza, macho yamemtoka, kasia mkononi, nami nikamcheka. Mjomba alinitazama kwa hofu, akageukia ukutani, na tarehe 12 akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta mikate na samaki, na wakata miti wenzake waliosafiri kutoka Quebec.

Pumzika, mjomba, kwa amani uliyoikosa huku. Ukimkuta baba, mwambie binti yake naye alicheka, na anaomba radhi.