Binti Aliyenishusha Kwenye Gari la Gesi

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe na mwenye furaha, asifiwe na aliyekuja hapa leo akiwa na moyo mzito. Mchungaji ameniomba nisimame mara nyingi, nami nikawa nakataa. Leo nimekubali. Mkiona nanyamaza katikati, niombeeni tu, nitaendelea.

Mimi ni Akello, mjane wa Sajini Okello wa Magereza. Hapa Namakwekwe, Mbale, mmezoea kuniita Mama Scovia, kwa sababu ya binti yangu ninayekaa kwake. Nimezaliwa kwenye kambi ya askari, nikaolewa kambini. Watu wetu hapa Uganda husema Kiswahili ni lugha ya amri na bunduki. Ndugu zangu, Okello alinichumbia kwa Kiswahili! Aliombea chakula kwa Kiswahili, na watoto wakiugua aliwabembeleza kwa Kiswahili. Ndiyo maana hata leo nashuhudia kwa lugha hii. Nikisema kwa nyingine, naona kama namwacha nje ya mlango.

Alipostaafu tulihama kambini, tukapanga nyumba Nalufenya, kule Jinja. Mdogo wake ni dereva Dar es Salaam, na huko magari mengi siku hizi yanatumia gesi asilia. Akamtafutia gari la abiria lililokwisha kufungwa mfumo huo. Nyuma, mahali pa mizigo, kulikuwa na mtungi mkubwa wa chuma uliokazwa kwa mikanda. Unawasha gari kwa petroli, unabonyeza kitufe, linahamia kwenye gesi, na husikii tofauti yoyote. Okello alilipenda gari lile! Aliliosha kabla hajanywa chai. Akawa anabeba watu kati ya Jinja na Mbale, kwa barabara ya Tirinyi, akijua kila shimo.

Abiria walinung'unika kwamba mtungi umewanyima nafasi. Mama mmoja alimwambia, "Afande, sasa mihogo yangu niweke wapi?"

Okello akamjibu, "Pakata, mama. Mtungi uliwahi kiti." Gari zima likacheka. Ndivyo alivyokuwa.

Gesi yenyewe haikupatikana ovyo. Kwa upande wetu tulikuwa na kituo kimoja kidogo, nje ya mji wa Jinja, na gesi ililetwa na lori lenye mitungi mirefu. Lori likichelewa, foleni inakuwa ndefu, wenye magari wanakaa kivulini wakipiga hadithi. Mume wangu hakuichukia foleni ile. Aliwahubiria watu pale, na wawili kati yao walikuja kuokoka, Mungu ni shahidi.

Kituo kilikuwa na sheria zake. Zima injini. Zima simu. Watu wote washuke, dereva naye, waende kusimama nyuma ya ukuta mpaka gari lijae. Gesi hii si kama petroli ya kumimina, ndugu zangu. Inasukumwa ndani ya mtungi kwa nguvu nyingi mno. Aliyekuwa akijaza mara nyingi ni binti mmoja wa Kiislamu anayeitwa Zaituni, mtoto wa mama muuza samaki wa Masese, kule ufukweni mwa ziwa. Mwembamba, mpole, kitambaa chake amekifunga vizuri chini ya kofia ya kazi.

Sasa nifike siku ile.

Scovia alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza hapa Mbale, nasi tulikuwa tunakuja kumwona. Nilikuwa nimefunga nguo za mtoto kwenye kitenge, nimezipakata. Mguu wangu ulikuwa umevimba goti, nikikanyaga naona nyota. Tulipofika kituoni, Zaituni akasema tushuke.

Nikamwambia, "Mwanangu, goti linaniua. Niache nikae, ni dakika chache tu."

Okello naye akanitetea. "Binti, mwache mama. Mgonjwa huyo."

Zaituni akaushika mpira wa gesi mkononi, asiuchomeke. "Mama, samahani. Usiposhuka, sijazi."

Nilikasirika! Waliokuwa nyuma yetu walianza kupiga kelele. Nikashuka huku nanung'unika. Yule binti akanishika mkono, akaniongoza taratibu hadi nyuma ya ukuta, akanikalisha juu ya tofali, kisha akarudi kazini. Okello alibaki palepale nyuma ya gari, mikono kiunoni. Alipenda kusimama karibu na mtungi wake wakati unajazwa, kama mtu anayeangalia ng'ombe wake wakinywa maji.

Ndugu zangu, mlio wa mtungi kupasuka sikuusikia. Nilisikia ukuta umenisukuma mgongoni. Kisha vumbi, na vitu vikianguka juu ya mabati, na ukimya. Nilipoinuka, goti halikuuma hata kidogo. Nilikimbia. Watu wakanizuia nisifike, wakanigeuza uso, na hapo ndipo nilipojua.

Mume wangu hakufikishwa hospitali. Zaituni alitolewa akiwa hai, amevunjika mkono na damu inamtoka sikioni. Baadaye wachunguzi walisema mtungi ulikuwa umeliwa na kutu upande wa chini, pale mkanda ulipoukumbatia, na mtu fulani huko ulikotoka alipaka rangi mpya juu yake. Kwa macho ulionekana mzima. Okello aliung'arisha kwa kitambaa kila asubuhi, asijue anang'arisha nini.

Tulimzika kwao Lango, kule kaskazini. Nilimwona mjukuu wangu kwa mara ya kwanza pale matangani.

Kila aliyekuja kunipa pole alisema, "Mungu amekuokoa, Mama Scovia!" Walisema kwa mapenzi. Lakini moyoni mwangu niliuliza, na Okello je? Huyu Mungu aliona goti langu bovu akanishusha, akaacha kumwona mtumishi wake aliyemhubiri kwenye foleni? Sikumwambia mtu. Scovia akanileta hapa Mbale, akanipa chumba. Sikuweza kuomba. Kijana wa boda akijaza upepo tairi mlangoni, mlio ule wa fyuuu ukitoka, naanguka chini, naficha kichwa. Chungu kikichemka kwa nguvu natoka jikoni mbio. Mkwe wangu akawa anapikia nje, maskini, ili nisisikie. Nilimbeba mtoto, lakini nilimbeba kama mtu anayebeba mzigo wa jirani.

Na zaidi ya yote, jina la Zaituni lilinichoma. Mbona alinilazimisha mimi na hakumlazimisha yeye? Mkono wake ndio uliofungua gesi. Watu wakisema tumwombee yule binti, nilikuwa natoka nje.

Basi siku moja mchana, nachambua maharage barazani, naona msichana amesimama kwenye njia. Amebeba mfuko wa mukene, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umekauka, umekunjwa kifuani. Alikuwa amekwenda kuuliza kwenye kanisa letu la Jinja, wakamwelekeza. Amepanda basi peke yake mpaka hapa.

Alisema, "Mama, shikamoo. Ni Zaituni."

Sikuitikia. Nikaendelea kuchambua maharage. Akapiga magoti kwenye vumbi, jinsi mabinti wa Kisoga kule Jinja wanavyowasalimu wakubwa wao, na hakuinuka tena.

"Mama, nimekuja kukwambia kitu. Sijamwambia mtu, hata polisi. Mzee nilimwambia asogee. Nilimwambia, 'Afande, nenda na wewe ukutani.' Akacheka. Akasema, 'Binti, mimi nimelinda wafungwa maisha yangu yote, nitaogopa mtungi?' Nikarudia. Akaniambia, 'Jaza.' Mama, aliisema kwa ile sauti ya amri. Mimi nimekulia Masese kwenye misako ya askari, nikisikia ile sauti mwili unatii wenyewe. Nikajaza." Akaanza kulia. "Wewe nilikuweza kwa sababu wewe ni mama. Yeye nilimwogopa kwa sababu ni afande. Kila nikilala namwona. Kama ningekataa kama nilivyokukatalia wewe, angekuwa hapa."

Ndugu zangu, ile sauti naijua! Nimeishi nayo. Okello alikuwa mtu wa Mungu, mtu wa kicheko, lakini akisema kitu kwa ile sauti, nyumba nzima inasimama wima. Mimi mkewe sikuwahi kuipinga. Nikamtazama yule mtoto, sikio moja halisikii, mkono umekufa, anajilaumu kwa kutoweza jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza katika ndoa yangu yote.

Nikamwambia, "Zaituni mwanangu, hata mimi ningejaza."

Maneno hayo sikuyatunga. Yalitoka. Nililia, yeye akalia, mtoto ndani akasikia naye akalia. Nikamwinua kutoka kwenye vumbi, nikamshika ule mkono uliokauka, uleule ulioniongoza nyuma ya ukuta. Nikamwambia, "Umeniokoa, binti yangu. Sijawahi kukushukuru. Asante." Nilipolisema hilo nikajua nimeanza kuomba tena, maana Mungu nilikuwa sijamshukuru pia.

Alilala kwetu. Tulikula ule mukene pamoja. Amerudi kwao Masese, na huja kuniona, na mjukuu wangu humwita shangazi. Yeye huswali kwake, mimi huomba kwangu.

Msidhani machozi yamekwisha. Bado nasubiri kusikia gari likisimama nje. Bado swali langu halijajibiwa, na sitawadanganya kwamba limejibiwa. Lakini mlio wa upepo hauniangushi tena, na mtoto namkumbatia kama wangu. Huo ndio wokovu wangu. Ni mdogo, lakini ni wa kweli, na ni Bwana aliyeufanya!

Nina neno kwenu wenye magari ya gesi, maana naona yanaongezeka. Gari si adui. Lakini nunueni mkijua mtungi umetoka wapi. Mpelekeeni fundi anayejua, aufungue mikanda, aangalie kule chini. Na ninyi maafande wangu mliokaa hapa, polisi, magereza, jeshi, nawapenda, mimi ni wenu. Binti akikwambia sogea, sogea. Usimcheke. Usimtolee ile sauti. Mkeo anakuhitaji nyumbani.

Na wewe uliyefika leo huku umemkasirikia Mungu, njoo tu. Usingoje hasira iishe ndipo uje. Kama huwezi kuimba, usiimbe. Mimi nilikaa kwenye benchi lile la nyuma muda mrefu bila kufungua mdomo, naye hakunifukuza. Amenisubiri. Atakusubiri na wewe. Amina.