Mfalme Aliyekataa Kulipua Daraja

"Hivi shoga, baba yako alikuwa mfalme kweli, au ndiyo utani wa mafundi viatu?" jirani alimuuliza binti mkubwa wa marehemu siku moja wakianika nguo. Binti alicheka tu. Leo, mbele ya jeneza, jirani ajibiwe: mfalme kweli, na fundi kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa pekee wa mfalme. Alisoma shule ya bweni, na darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alirithi kiti baba yake alipofariki, mwaka 1964.

Tarehe 19 Juni 1968 jeshi la binamu yake, aliyekitaka kiti, lilifika mtoni. Majeruhi wa marehemu walikuwa bado ng'ambo, wakibebwa kwa machela. Jemadari wake akamsihi, "Mtukufu, tulipue daraja! Adui akivuka, kiti kimekwenda."

"Na wale je? Wana mama zao. Subiri."

Wakasubiri. Machela ya mwisho na askari wa kwanza wa adui walivuka pamoja. Jioni ile marehemu hakuwa na kiti, wala jeshi, wala kiatu cha kushoto.

Ugenini alijifunza kushona viatu, akafungua kibanda nyuma ya stendi. Mwaka 1970 alimuoa muuguzi aliyemtibu jeraha la vita begani. Bibi harusi alimwambia mapema, "Mume wangu, ikulu hapa hakuna. Soksi utafua mwenyewe." Akafua hadi uzeeni.

Mwaka 1983 yule jemadari alimfuata kibandani. Bunduki zipo, alisema, vijana wapo, limebaki jina lake tu. Marehemu hakuinua kichwa. "Nyosha mguu," akamwambia, akampima. "Kiatu nitakushonea, tena kizuri. Vita sina." Jemadari na wenzake walirudi mara nyingi, wakambembeleza, wakamwita mwoga. Viatu walipata. Jina hawakulipata.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, wakisali. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu saba. Mwenyezi Mungu amlaze panapo utulivu.

Jana wazee wa ufalme wake wa zamani walileta bendera ya kufunika jeneza, wakataka mwanawe atangazwe mrithi hapa kaburini. Wazee wetu, tunawaheshimu, lakini haitakuwa. Marehemu mwenyewe alisema hospitalini, sote tukisikia:

"Nizikeni na aproni yangu ya kazi. Bendera irudi ilikotoka. Na mwanangu asiitwe mfalme. Asife mtoto wa mtu kwa ajili yetu."