Kulia Kwako Alichimba Nani

Benchi letu la Kathonzweni liko mbele ya duka langu la ushonaji, na linanifukuzia wateja. Ningekuwa nimelichoma zamani, ila kahawa ya Abubakar, mchuuzi wetu, ni tamu na yeye huishia hapo na birika lake. Wanaolikalia kila siku ni Kiema, tunayemwita Spika kwa sababu hanyamazi, na Muindi, tunayemwita Kambu kwa kuwa aliwahi kuuza mahindi ya kuchoma huko Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na sasa anajua kila kitu kilichowahi kupita kwenda Mombasa. Leo kulikuwa na wa tatu, Musyimi, fundi wa kompyuta wa mradi wetu wa maji, amepakata laptop kama mtoto mgonjwa. Kioski cha maji ng'ambo ya barabara kilikuwa kimekataa kadi zote tangu asubuhi. Kadi hizo ni za watu waliochimba mtaro wa bomba kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Aliyechimba anateka bure, na mashine ndiyo inayojua nani alichimba. Mimi siku hizo nilikuwa nashona sare za shule, kwa hivyo kadi ni ya mke wangu Syombua, na Syombua alikuwa kwenye foleni ya kioski akiniangalia.

— Injinia, sema polepole, Spika akaanza. Hayo majina ya watu yameenda wapi?

— Sijui kama yameenda, Musyimi akasema. Juzi nilitoa database, yaani hiyo orodha yote, kwa kompyuta ya ofisi nikaiweka kwa mashine za kukodi, huko Nairobi. Inakaa ndani ya kontena, ni kama kasanduku ka program. Kubernetes ndiyo inaangalia hizo kontena. Moja ikikufa, inaleta ingine hapo hapo.

— Si hiyo ni poa?

— Ni poa kwa program ya kawaida. Database inataka diski yake ya kudumu. Kontena ikikufa, diski inabaki, kontena mpya inakuja inaishika.

— Na uliipea diski?

— Niliipea.

— Basi unaogopa nini?

Musyimi alikuwa amejimwagia kahawa kwa suruali na hakuwa ameona.

— Nafikiria niliifungia kwa folda mbaya. Kama ni hivyo, tangu juzi database imekuwa ikiandika ndani ya kontena yenyewe. Na leo asubuhi wenye mashine wame-restart zote, hiyo kontena ya juzi ikakufa. Nangoja network nione.

Kiduara kilikuwa kinazunguka tu kwenye skrini.

— Kontena mimi nazijua, Kambu akasema. Zikipinduka pale barabarani, mali haipotei, inaingia kwa nyumba za watu. Hata hayo majina kuna mtu ako nayo. Tafuteni chini ya vitanda huko Nairobi.

— Hapana, Spika akakataa. Hiyo kitu ina akili. Imehesabu watu, ikaangalia maji, ikaona hayatutoshi. Imefuta wote ndio ichague upya. Na itaanza na wenye wamezoea kulala njaa, hao hawasumbui.

Abubakar alimwongezea Musyimi kahawa bila kuulizwa.

— Labda hiyo kontena mpya haijaonyeshwa wateja, akasema. Ukiweka mgeni dukani na hajui mtu yeyote, si atakataa kila mtu?

Musyimi alimwangalia, kisha skrini ikafunguka. Akaandika kitu, akabonyeza, akasoma.

— Inasema hakuna jedwali la wanachama. Diski iko. Ni tupu.

— Na ile kompyuta ya ofisi? nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

— Niliifuta, nikapea kanisa. Backup, ile nakala ya akiba, ilikuwa ndani yake.

Hapo niliogopa kabisa. Mke wangu alirudi kutoka kwa ule mtaro na viganja vimechubuka, na sasa hakuna mahali duniani palipoandikwa hivyo.

— Hakuna shida, Spika akasema. Sisi si tuko hapa? Andika upya, tutakukumbusha. Anza na mimi. Mimi nilichimba kutoka kwa korongo mpaka kwa lile jiwe kubwa.

— Hilo jiwe ni mimi nililitoa, Kambu akasema.

— Ulitoa kipande. Na baada ya jiwe ni mimi tena, mpaka kwa tangi.

— Wewe ulinikuta kwa tangi. Mimi nilikuwa nalala huko huko kwa mtaro, blanketi naletewa.

Musyimi alikuwa anaandika yote, maskini, kama mtu anayezama.

Ndipo Kasiva, mmoja wa wale wa foleni, alipovuka barabara na mtungi wake. Hajawahi kufika kwenye benchi letu.

— Kadi yangu imekataliwa mara mbili, akasema.

— Imesahau watu wote, mama, Musyimi akamwambia. Ni mimi nilikosea. Sasa naandika upya, wazee hawa wananikumbusha.

Kasiva akaweka mtungi chini, akawatazama wazee.

— Kiema, kwa mtaro, kulia kwako alichimba nani?

Spika akageuza shingo kulia.

— Muindi.

— Na wewe Muindi, kushoto kwako?

— Si ni Kiema.

— Hiyo ni benchi, Kasiva akasema. Nauliza mtaro.

Abubakar aliinamisha birika, likatoa tone moja. Spika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga vile vile.

— Na wewe, mama? Musyimi akauliza taratibu.

— Kulia Nduku. Kushoto Syombua wa huyu mshonaji. Waulize na wao nani alikuwa kando yao, mpaka mtaro uishe.

Musyimi alifuta yote aliyokuwa ameandikishwa, akainuka na laptop wazi mikononi, akamfuata Kasiva hadi kwenye foleni. Nilimwona akisimama kwa Nduku, kisha kwa mke wangu. Syombua alinyoosha mkono kushoto kwake, akamwonyesha wa kufuata.