Dada Abigael na Volti Iliyokataa Kugeuka

Dkt. Abigael Nyaboke alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 huko Nyamache, Kisii, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ombati na Mama Kerubo. Mama husema alianza kutembea kabla hajajua kukaa vizuri, nami Momanyi, kitinda mimba ninayewasomea haya, ninaamini. "Dada, keti kidogo," nilimsihi maisha yangu yote. "Nitaketi nikishajua," alinijibu.

Alisoma shule ya msingi hapo Nyamache, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1994 kusomea fizikia. Mwaka 1999 alikuja Toronto, akahitimu udaktari wa fizikia mwaka 2005.

Kinoti alipomposa, Dada alimwambia arudi Jumamosi amwulize tena, kwani jibu la kweli halibadiliki. Kinoti alirudi, tena na shati lilelile. Walifunga ndoa tarehe 17 Julai 2004, wakakaa mtaa wa Don Mills hapa Toronto na kujaliwa binti, Kendi.

Kazi yake alinieleza mimi, fundi wa mabomba, hivi: elektroni huwa na spini, yaani kama pia inayozunguka, na spini hizo hutiririka kutoka utando mwembamba mno wa metali ya sumaku. Hauonekani mtiririko huo. Alibandika utando wa platini juu yake, spini zikiingia humo huzaa volti, na volti inapimika. Tatizo ni kwamba hata joto huzaa volti. Basi unatengeneza sampuli nyingine, utando wa chini ukae juu. Kama ni spini, chanya itageuka hasi; kama ni joto, itabaki vilevile.

Mwaka 2018 alichapisha makala ya matokeo yaliyosifiwa sana. Kwa haraka yake, hakuwa amegeuza tando. Alipozigeuza mwaka 2020, volti ilibaki vilevile. Lilikuwa joto tu. Akaiondoa makala yake kwa mkono wake mwenyewe, na cheo alichokingojea kikampita. Nilikasirika, sifichi.

"Dada, nani angejua?"

"Mimi."

Akaanza upya, na sampuli mpya, akiwa na miaka arobaini na sita.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliwaomba madaktari wapime tena, wakapima, jibu likawa lilelile. Akiwa kitandani aliendelea kumpigia simu mwanafunzi wake, Cyriaque: "Umegeuza?" Alituaga Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, kabla ya kujibiwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ameacha mume, Kinoti, binti, Kendi, Mama Kerubo, aliyeko Nyamache, mimi, na Cyriaque, aliyefika matangani Alhamisi bado na koti la maabara ndani ya jaketi la baridi. Hakusalimu mtu. Alinishika mkono, akaniita mjomba kwa Kifaransa chake.

"Tonton, tumegeuza mara saba. Mara zote saba, volti imegeuka."

Dada, umesikia? Imegeuka. Sasa keti, upumzike kwa amani.