Daktari Zebedayo na Zahanati ya Mwambani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, kuanzia Same mjini hadi huko milimani. Leo tunamkumbuka Daktari Zebedayo wa Mamba. Naanza nikiwa nimeudhika, mnisamehe.

Daktari Zebedayo alikuwa bingwa wa magonjwa ya moyo. Alifanya kazi hiyo Dar es Salaam kwa miaka mingi. Wagonjwa wa huku kwetu walimfikia miguu imevimba, pumzi hazitoshi. Wengi walikuwa wamechelewa. Akachoka kupokea waliochelewa. Akaacha wodi, akaingia serikalini, akawa mkaguzi wa vituo vya afya. Yeye ndiye aliyeamua zahanati ipi ifunguliwe na ipi isifunguliwe.

Sasa sikilizeni. Kijijini kwao walijenga zahanati kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Kila kaya ilitoka. Akina mama walibeba mchanga kichwani, wanaume wakapasua mawe. Jengo likapendeza kweli. Lakini walilijenga juu kabisa, mwambani, njia ni ya miguu tu. Kwa nini juu? Kwa sababu sehemu ya tambarare, kando ya barabara, imepandwa tangawizi. Tangawizi ikapewa tambarare, mgonjwa akapewa mwamba.

Daktari akaja kukagua. Pilau limeshaiva, kwaya imejipanga. Akapanda hadi juu, akatazama alikotoka, akasema, "Hii siisajili."

Mama yake, Bi Ernesta, ameniambia hivi: "Nilimsihi. Nikamwambia, mwanangu, wape hicho kibali, kanisani watu wananinunia. Akanijibu, mama, mwenye ugonjwa wa moyo hafiki huku. Atafia njiani, na saini itakuwa yangu."

Daktari akamwomba mdogo wake, Wilbard, kipande cha shamba la barabarani, zahanati ijengwe upya pale. Wilbard akamwambia, "Kaka, hiyo tangawizi ndiyo ada ya watoto." Akaomba kwa wengine. Kila mmoja alimwonyesha shamba la jirani yake! Miaka ikapita, zahanati imefungwa kwa kufuli. Naye daktari akaitwa adui wa maendeleo.

Mwezi uliopita Daktari Zebedayo alifariki ghafla. Nyumbani kwao ni kule kule juu, ukishaipita zahanati. Gari lililoleta mwili liliishia barabarani. Vijana wakabeba jeneza wakipokezana mabega. Walipofika zahanati, hoi. Wakaliweka jeneza barazani, wakakaa chini wanahema. Mzee Hezroni, aliyesimamia ule msaragambo, akavua kofia.

"Jamani," akasema, "sisi wazima tumeshindwa. Mgonjwa angefikaje hapa?"

Wilbard alikuwa amekaa pale pale, mkono juu ya jeneza la kaka yake, analia.

Nikajua yamekwisha, wameelewa. Tukazika, tukala, tukashuka. Juzi nimepita pale barabarani. Tangawizi imestawi, na Wilbard anapalilia. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinua uso.

Pole sana, Bi Ernesta. Pole, Wilbard, msiba ni wako pia, hilo silisahau. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa wa Mamba, Chome na Bombo, tujiulize usiku huu mgonjwa wetu atapita wapi. Na tafadhali, msinipigie simu studio kuniambia kwamba daktari alikuwa mtu mwema. Hilo nalijua. Nipigieni kuniambia kiwanja kimepatikana.