Fundi Bomba na Dawa Isiyojulikana Bado

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi. Asubuhi ile kahawa ilikuwa bado inafuka pale Fundi Bomba alipokuja kuketi na karatasi za hospitali. Miaka ishirini alifunika mabomba ya mvuke kiwandani kwa asbesto, zile nyuzi za kuzuia joto, akilivuta vumbi lake bila kujua madhara yake. Sasa amekutwa na saratani ya utando wa mapafu, na daktari amemuuliza kama angependa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya.

— Utafiti maana yake wewe ndiye panya, alisema Kinyozi.

— Panya haulizwi. Mimi nimeulizwa, na karatasi nimepewa nikasome nyumbani.

Mwalimu mstaafu, mwenzetu wa benchi, akazichukua, akavaa miwani.

— Mtagawanywa makundi mawili. Moja litapata dawa ya kawaida, jingine hiyo ya kawaida pamoja na mpya. Anayepanga ni kompyuta.

— Basi kompyuta itaangalia ndevu, Kinyozi akadakia. Dawa hupitia kwenye nywele. Mimi ndiye ninayezikata, najua.

— Acha ndevu, Mwalimu alisema. Mimi nahofia wanayataka mapafu yenyewe, wayaweke kwenye chupa wafundishie.

Fundi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilimsogezea kahawa, akanywa mpaka kikaisha.

— Nikishindwa naruhusiwa kujitoa siku yoyote, alisema. Nilimuuliza daktari, itaniponya? Akasema hajui, ndiyo maana wanaijaribu. Nilimpenda kwa jibu hilo.

— Daktari asiyejua? Mwalimu alishangaa.

— Aliyekubali kusema kwamba hajui.

Mama mshonaji, aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake cha kahawa.

— Samahani, kaka zangu. Siku za kliniki nani atakuwa anakwenda naye?

Mke wa Fundi alishafariki, binti yake anaishi mbali. Mwalimu alizikunja karatasi taratibu. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu, nacho kilikuwa kitupu.

— Ni siku gani? Kinyozi aliuliza hatimaye.

— Jumanne, asubuhi. Lakini wewe una wateja.

Kinyozi akaingia ndani kunoa wembe.

Fundi alitia saini ya kuingia kwenye utafiti wiki hiyo. Jumanne ya kwanza tulikuta duka lina kufuli, na kikaratasi mlangoni: "Nimemsindikiza ndugu yangu. Wenye haraka mfuge ndevu kwanza."